Bidhaa Huishia Njiani, Si Ghalani

Muulize mfanyabiashara yeyote mzigo wake huchukua siku ngapi kufika, atakutajia namba moja papo hapo: siku 14. Chimba kidogo utakuta namba hiyo kapewa na msambazaji, tena ni siku za safari tu. Haihesabu siku 2 oda ilizokaa mezani ikisubiri sahihi, wala siku ambazo malipo yalikuwa hayajasoma kwa muuzaji, wala Ijumaa ile mzigo ulipofika jioni ukalala kwenye lori hadi Jumatatu. Muda unaokuhusu wewe unaanza siku ulipoona bidhaa inapungua, unaisha siku mteja anapoweza kuinunua.

Kuujua si kazi kubwa. Chukua bidhaa moja inayotoka sana, fukua oda zake 10 za mwisho, na kwa kila oda andika tarehe 5: siku ulipoamua kuagiza, malipo yalipothibitishwa, mzigo ulipoondoka kwa msambazaji, ulipofika mlangoni kwako, na ulipoingizwa kwenye daftari au kwenye mfumo. Tafuta wastani wa siku kutoka tarehe ya kwanza hadi ya mwisho, kisha zungushia duara oda iliyochelewa kuliko zote. Usishangae ukikuta siku nyingi zinapotelea kati ya uamuzi na malipo, na kati ya mlangoni na daftarini, hatua ambazo zote ziko mikononi mwako. Kabla ya kumkaba msambazaji, zimalize hizo.

Sasa hesabu yenyewe ya lini uagize. Tuseme bidhaa inauzwa vipande 20 kwa siku kwa wastani, na siku zikichangamka hufika 30. Mzigo huchukua siku 14 kwa wastani, lakini umewahi kuchukua 21. Anayeagiza kwa kufuata wastani ataagiza vikibaki vipande 280, yaani 20 mara 14. Huyo ataishiwa karibu mara moja katika kila oda mbili, kwa sababu wastani maana yake ni kwamba oda nyingine huchelewa zaidi ya hapo. Anahitaji akiba ya tahadhari. Njia rahisi ya kuipata ni kuchukua mauzo ya juu mara siku za juu (30 × 21 = 630), ukatoa wastani mara wastani (280). Inabaki 350. Kwa hiyo oda inatakiwa kutoka vikibaki vipande 630.

Namba hiyo inauma, na inafaa iume. Vipande 350 ni mtaji wa siku 17 na nusu uliolala tu, ukiangalia kama mzigo utachelewa. Lakini tazama kinachotokea ukimpata msambazaji mwingine ambaye kwa wastani ni mzito zaidi, siku 16, ila hajawahi kuvuka 17. Mauzo ya juu mara siku za juu ni 510, wastani ni 320, akiba ya tahadhari inashuka hadi 190. Wa polepole mwenye uhakika amekuokolea vipande 160 vya mtaji kuliko mwepesi asiyetabirika. Hii ndiyo sababu, katika kujadiliana na msambazaji, tarehe anayoweza kuisimamia ina thamani kuliko punguzo dogo la bei, ingawa wengi hukomaa na bei hadi mwisho wa kikao na tarehe hawaigusi.

Hesabu hii ina mitego mitatu. Wa kwanza ni wastani wa mauzo wenyewe. Ukiuza vipande 420 kwa siku 30, utasema wastani ni 14. Ila kama katika siku hizo 30 rafu ilikuwa tupu siku 9, uliuza kwa siku 21 tu, na wastani wa kweli ni 20. Siku ya rafu tupu haionyeshi kwamba wateja hawakuja. Inaonyesha kwamba hukuwa na cha kuwauzia. Usipoiondoa, utaagiza pungufu, utaishiwa tena, na wastani utazidi kushuka. Wa pili ni kinyume chake: mteja mmoja aliyekuja siku moja akabeba vipande 90 asiingizwe kwenye mauzo ya juu. Mteja wa namna hiyo anapangiwa oda yake.

Mtego wa tatu ni mzigo ulio njiani. Namba 630 hailinganishwi na vilivyopo ghalani peke yake, bali na vilivyopo, jumlisha vilivyoagizwa ambavyo havijafika, toa vile ambavyo tayari vina mwenyewe. Anayesahau vilivyo njiani huagiza mara mbili. Na hofu ya kuishiwa huzidisha kosa hilo, kwani muuza rejareja huongeza oda kidogo, wa jumla naye huongeza juu yake, kiwanda kinadhani soko limelipuka. Kampuni ya Procter & Gamble iliwahi kuliona hili kwenye nepi za Pampers: watoto walitumia nepi kwa kasi ileile, lakini oda zilizofika juu zilipanda na kushuka vibaya.

Uagize kiasi gani kwa mara moja? Ipo kanuni ya mhandisi Mmarekani Ford Harris ya mwaka 1913, na bado inafanya kazi: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kutoa oda moja, gawa kwa gharama ya kutunza kipande kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa vipande 7,200 kwa mwaka, gharama ya kutoa oda moja ikiwa 100 na ya kutunza kipande kimoja ikiwa 4, jibu ni vipande 600 kwa oda. Hakuna haja ya kuing'ang'ania namba hiyo. Ukiagiza 480 badala ya 600, gharama ya kuagiza na kutunza inapanda kwa asilimia 2.5 tu. Kwa hiyo fuata katoni au paleti kamili, usilazimishe muuzaji kukufungulia katoni.

Anayeagiza kwa meli aangalie masharti ya CIF, yaani bei inayojumuisha gharama ya bidhaa, bima na usafiri. Muuzaji hulipa usafiri na bima hadi bandari ya kupokelea, na wengi hudhani hadi hapo mzigo ni wake. Sivyo. Hatari huhamia kwa mnunuzi tangu mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka, na bima anayolazimika kuikata muuzaji ni ya kiwango cha chini. Ukitaka kinga pana zaidi, iandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa.

Halafu mlangoni, mahali ambapo hesabu zote hizi huharibikia. Kontena likifika, piga picha lakiri, kile kifungio chenye namba mlangoni mwake, kabla haijakatwa na ulinganishe namba yake na iliyo kwenye hati ya shehena. Likiwa tupu, mtu aingie ndani, milango ifungwe, atazame juu: penye mwanga ndipo maji yanapoweza kuingilia. Katoni za chini ziangaliwe kama zimebonyea, na za kufungua zichaguliwe katikati ya rundo, si za mbele. Upungufu wowote uandikwe kwenye karatasi ya dereva kabla ya sahihi yako, kwa namba, si "haujakaguliwa". Bidhaa zenye tarehe ya mwisho zipangwe ile inayokwisha mapema ikae mbele, hata kama imeingia leo.

Kosa baya kuliko yote hapo ni la kipimo. Ankara inasema 40, ikimaanisha katoni za vipande 24. Karani anaingiza vipande 40. Ghalani kuna 960, mfumo unajua 40, na kesho yake unakuomba uagize haraka. Kila bidhaa iwe na kipimo kimoja tu kwenye mfumo, na idadi ya vipande kwa katoni iandikwe pembeni yake.

Kuhesabu stoku mara moja kwa mwaka hakutoshi. Bidhaa chache zinazobeba mauzo mengi zihesabiwe kila mwezi, nyingine kila robo mwaka. Wakati mzuri ni kabla tu ya mzigo mpya kuingia, kwa sababu vya kuhesabu ni vichache. Anayehesabu asioneshwe namba ya mfumo. Zikitofautiana, usiirekebishe namba mara moja. Tafuta kwanza mzigo uliopokelewa bila kuingizwa, mauzo yasiyoandikwa, bidhaa iliyowekwa rafu nyingine, kisha kipimo.