Umefika Ujerumani? Anza na kisanduku cha barua

Wengi mnaokuja kusoma Ujerumani mnauliza sana habari za baridi. Koti utapata, tena la mtumba, zuri, kwa bei ndogo. Kinachowatesa wageni ni karatasi. Nchi inayosifika kwa magari yake bado inaendesha mambo mengi kwa barua ya posta, na barua hizo hazisubiri uzoee mazingira.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujauliza mchele unauzwa wapi, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlangoni. Mleta barua asipoona jina, hurudisha barua ilikotoka. Namba ya mlipakodi inakuja kwa posta. Kadi ya benki inakuja kwa posta, na mara nyingi namba yake ya siri inakuja siku nyingine, kwenye bahasha yake. Bima ya afya nao wataandika. Fungua kila siku.

Halafu kuna Anmeldung, yaani kujiandikisha ofisi ya mji kwamba unaishi pale. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie. Beba pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Miji kama Berlin kupata miadi ni kazi, kwa hiyo chungulia tovuti yao asubuhi na mapema, maana nafasi zilizoachwa na wengine hurudi hapo. Usilichukulie jambo hili kama utaratibu tu. Benki nyingi zinataka cheti cha kujiandikisha huko, na zile euro 11,904 ulizofungia kwenye akaunti maalumu ili upate viza hupewi zote kwa mpigo: zinatoka 992 kwa mwezi, tena kupitia akaunti ya kawaida. Bila nyumba hakuna cheti, bila cheti benki inasumbua, bila benki fedha yako unaitazama kwenye simu tu. Njoo na akiba ya kula na ya kodi ya mwanzo, ukikumbuka kwamba dhamana ya nyumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Ukishajiandikisha, barua nyingine itakufuata tu: ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Huna televisheni? Unalipa. Hujui Kijerumani? Unalipa. Nafuu ni kwamba inatozwa kwa nyumba, si kwa kichwa, hivyo mkipanga wanne mnachangiana. Ukiitupa barua, deni linahesabiwa tangu ulipohamia.

Maisha ya mtaani ni mepesi zaidi. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo soko lako ni Jumamosi. Rudisha na chupa tupu za plastiki: nyingi zina dhamana ya senti 25 uliyolipa uliponunua, na mashine ya dukani inakupa karatasi unayokatiwa bei kwenye malipo. Jumapili hiyohiyo ni siku ya kimya: usitoboe ukuta, wala usitupe chupa kwenye pipa la vioo, la sivyo mzee wa ghorofa ya chini atakufahamisha.

Sisi tuliokuzwa na shikamoo tunaumia kidogo mwanzoni: mtu anakaa ubavuni mwako kwenye treni na hakusemeshi mpaka anashuka. Lakini ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari, wasalimie wote, hata usiowajua. Siku yako ya kuzaliwa keki unaleta wewe, na usimpongeze mtu kabla siku yake haijafika, wanaona ni mkosi. Kupiga hodi ghafla hakuna. Mjerumani akikuambia njoo Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi, ujue amekupenda.

Chuoni, ratiba ikiandika saa nne na herufi c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo, ikiwa s.t., ni saa nne kamili. Alama zao zinakwenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni kupita kwa shida, 5.0 umeanguka. Waeleze wazazi mapema, kabla hujawatumia matokeo.

Jambo ninalowasisitizia zaidi wadogo zangu ni mtihani wenyewe. Kuhudhuria vipindi vyote hakukupi haki ya kuufanya. Lazima ujiandikishe kwenye mfumo wa chuo, na mlango huo mara nyingi hufungwa wiki kadhaa kabla. Kwa muhula wa Oktoba, tarehe hizo huangukia kwenye giza. Katikati ya Desemba, Berlin, jua linatoka baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Usingizi unavurugika, siku zinachanganyikana, na tarehe inapita. Toka nje mchana hata kukiwa na mawingu, na tarehe iandike ukutani.

Ukiona hujaiva, jiondoe kabla mlango wa kujiondoa nao haujafungwa. Vyuo vingi vinakupa nafasi tatu tu kwa mtihani wa lazima. Ukianguka zote unapoteza kozi, na vyuo vingine vya Ujerumani havitakupokea kwa kozi hiyohiyo. Ukiugua siku yenyewe, usilale tu chumbani na kunywa tangawizi: nenda kwa daktari siku hiyohiyo, chukua cheti, na kipeleke ofisi ya mitihani bila kuchelewa.