Mitutu miwili ikilia kwa pamoja: triga, kulabu na sefti

Swali: Fundi, salaam aleikum. Ninayo bunduki ya marisau ya mitutu miwili, iliyolala ubavu kwa ubavu, ya triga mbili, bore 12, kazi ya zamani ya Uingereza. Cheti chake kiko kwa jina langu. Majuzi nikiwa shambani nilivuta triga ya mbele, mitutu yote miwili ikalia kwa pamoja. Bega liliniuma vibaya. Tangu hapo naiona triga ya nyuma ni nyepesi mno. Jirani aniambia ni uchafu tu, niimwagie mafuta. Mwingine ana tupa ndogo, ataka anisaidie kuinoa. Nyumbani huwa naiweka kabatini ikiwa na risasi ila sefti imefungwa. Nifanyeje? — Msomaji, Kisauni

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naanza na kabati. Kabla hujaendelea kusoma, ifungue bunduki hiyo ukiwa umeielekeza pasipo na mtu, utoe risasi zote mbili, ukague matundu yote mawili kwa jicho kisha kwa kidole. Risasi zifungie mahali pengine. Usiipige tena mpaka itengenezwe, hata kwa mtutu mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu sefti unayoitegemea haishiki kile unachodhani inashika. Ndani ya bunduki yako kila mtutu una nyundo yake, springi yake kali na kulabu yake ndogo. Unapoifungua, mitutu ikiinama, nyundo husukumwa nyuma, na ncha ya kulabu huingia katika pengo la nyundo na kuizuia. Ukivuta triga, triga inanyanyua mkia wa kulabu, ncha inachomoka, nyundo inaruka na fataki ya kuwasha baruti ya risasi inagongwa. Sehemu ya chuma iliyoshikana hapo ni ndogo sana, hata milimita moja haifiki katika bunduki nyingi.

Sasa, bunduki nyingi za aina yako zinafuata mtambo waliobuni Anson na Deeley kule Birmingham mwaka 1875, na ndani yake sefti ya juu ya shingo ya kitako huzuia triga tu. Haigusi kulabu wala nyundo. Kama kulabu imeng'ang'ania kwa ukingo tu, bunduki ikianguka kabatini au mtoto akiigonga, nyundo inaweza kuchomoka na sefti ikiwa imefungwa vilevile. Zipo bunduki za bei, hasa zile ambazo mitambo yake imefungwa kwenye mabamba ya ubavuni, zenye kulabu ya pili ya kuidaka nyundo ikichomoka bila triga kuvutwa. Hata hizo sikushauri uziweke na risasi ndani.

Tuje kwenye mlio wa pamoja. Wakati mwingine kosa ni la kidole: bunduki inapiga teke, kidole kinateleza kutoka triga ya mbele na kugonga ya nyuma, hasa kwa mtu anayeshika kilegevu. Lakini wewe umesema triga ya nyuma imekuwa nyepesi, na hapo mimi namshuku kulabu wa mtutu wa kushoto, maana kwa kawaida triga ya nyuma ndiyo yake. Teke la mtutu wa kulia linaitikisa bunduki, kulabu dhaifu inaachia.

Fundi anayo njia rahisi ya kulithibitisha. Anatia risasi za mazoezi zisizo na baruti, anaikoki kwa kuifungua na kuifunga, anavuta triga ya mbele. Kisha anagonga kitako kwa kiganja, kwa nguvu kiasi, ndipo anavuta ya nyuma. Akisikia "ta!" safi, kulabu ilistahimili. Asiposikia kitu, nyundo ilishaanguka zamani. Halafu anapima uzito wa triga kwa mizani ya ndoano. Kwa bunduki kama yako ya mbele huwa takriban kilo 1.6 hadi 2, na ya nyuma huongezwa kidogo makusudi. Ikishuka mbali chini ya hapo, bunduki hairudi kwa mwenyewe.

Chanzo kinaweza kuwa ncha iliyolika, springi ya kulabu iliyochoka, au uchafu. Jirani yako hajakosea kabisa: hapa kwetu, hewa ya chumvi na unyevu wa kusi, mafuta mazito yaliyomwagwa miaka nenda miaka rudi yanaganda kama gundi, na kulabu hairudi mahali pake sawasawa. Dawa yake si kuongeza mafuta mengine. Mtambo unafunguliwa, unasafishwa, unapakwa tone dogo la mafuta mepesi, basi.

Mafuta ya kumwaga yana ubaya mwingine ambao wengi hawaujui. Yanateremka ndani ya kitako na kuulainisha mbao pale chuma kinapokaa. Mbao uliolainika unabonyea, mtu akikaza skrubu za chini bamba la triga linapanda juu, na triga zinaanza kugusa mikia ya kulabu hata bila kuvutwa. Lazima pawe na mwanya kidogo hapo, unaousikia triga ikicheza kidogo kabla ya kushika. Ukiona fundi ameondoa mchezo huo wote na kukwambia amekaza vizuri, mwombe aufungue tena. Kwa hiyo mwambie akague mbao kabla ya kulaumu chuma.

Tupa mwambie rafiki yako hapana. Chuma cha kulabu na nyundo hufanywa kigumu kwa nje tu, ngozi nyembamba. Tupa ikishaitoboa, kilicho chini ni chuma laini; triga itakupendeza leo, na baada ya risasi chache ncha itakuwa imebonyea. Hilo pengo likiharibiwa pembe yake, mara nyingi dawa ni kuongeza chuma au kubadilisha kipande.

Wenye bunduki za triga moja msichanganye mambo. Nyingi kati yake hutegemea teke la risasi ya kwanza kuhamia mtutu wa pili, kwa hiyo ukijaribu bila risasi, ya pili haifyatuki mpaka ugonge kitako. Hiyo si hitilafu. Zikilia pamoja, nazo zisimame kazi.

Ipeleke kwa fundi aliyesajiliwa kama muuza silaha. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu asiyesajiliwa kutengeneza silaha, na hilo linamhusu pia mwenye tupa. Nenda na cheti, bunduki tupu ndani ya mfuko wake, risasi ziache nyumbani. Mweleze ulivyonieleza mimi: triga gani ulivuta, aina ya risasi, na kwamba ya nyuma ilibadilika baada ya hapo. Siku ya kuichukua, mwombe arudie lile jaribio la kugonga kitako mbele yako, kwa triga zote mbili, kuanzia ya nyuma pia. Na mfuko wa ngozi au wa sponji usiwe makao yake ukirudi nayo, unashika unyevu; ifungie kavu kwenye sanduku la chuma.