Walio wengi hawana mkataba

Ndugu, umeuliza kama takwimu inayosema kwamba watu wengi duniani wanafanya kazi zisizo rasmi imetiwa chumvi. Haijatiwa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba watu bilioni 2, yaani asilimia 61 ya wote wenye kazi, walikuwa katika ajira isiyo rasmi, na kwa Afrika kiwango hicho kilikaribia asilimia 86. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hesabu hiyo haiishii kwa mama lishe anayewasha jiko la mkaa saa kumi alfajiri, bali inamjumuisha pia karani wa kampuni iliyosajiliwa kihalali, ambaye hulipwa kila mwezi lakini hachangiwi mafao ya uzeeni wala hapati likizo ya ugonjwa yenye malipo. (Nadhani mabishano mengi huanzia hapo, kwa kuwa msomaji hufikiria meza ya barabarani tu.) Hata ukiondoa kilimo, takriban nusu ya wafanyakazi wanaobaki duniani bado wamo humo.