Wasomaji Wanauliza: Bila jumba la mfalme, serikali ilikuwepo?

SWALI: Nafundisha Historia sekondari. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba Misri ya kale ilikuwa na serikali imara kwa sababu ya piramidi, Sumeri ikafuata kwa zigurati zake (majukwaa marefu ya mahekalu), na Bonde la Indus halikuwa na serikali kwa kuwa hakuna jumba la mfalme lililotambuliwa. Niwajibu vipi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, kabla ya kupima urefu wa majengo, waanzishe kwenye mito. Nile ilifurika kiangazi, maji yakashuka, ndipo watu wakapanda. Mafuriko hayo hayo yalisafisha chumvi ardhini. Mito ya Sumeri, Frati na Hidekeli (Tigris), ilifurika Aprili na Mei, mazao yakikaribia kuvunwa, kwa hiyo Wasumeri walilazimika kujenga matuta na mifereji, na kila mji ukalinda maji yake. Miji ya Lagash na Umma ilipigania mashamba ya mpakani kwa vizazi.

Kisha waeleze kuhusu vifaa vya ujenzi. Misri ilikuwa na mawe. Piramidi ya mfalme Khufu huko Giza ilifikia mita 146 hivi, kwa mawe yanayokadiriwa kuwa milioni 2.3. Maandishi ya mafunjo (karatasi za kale za Misri) yaliyopatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 2013 yanaonyesha kundi la msimamizi Merer, watu 40 hivi, likisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura. Serikali iliyoandika safari za mashua namna hiyo ilijua kupanga kazi. Hata hivyo mafundi walikosea pia: piramidi ya mfalme Sneferu huko Dahshur ilianza na mwinamo wa nyuzi 54 hivi, ikatokeza nyufa, wakapunguza hadi 43 wakiwa katikati ya kazi. Ndiyo maana hadi leo inaonekana imepinda.

Kusini mwa Mesopotamia, nchi ya Wasumeri, mawe ni haba. Zigurati ya mji wa Ur, iliyoanzishwa na mfalme Ur-Nammu karibu mwaka 2100 KK, ilikuwa jukwaa la hekalu, si kaburi. Ndani ni matofali mabichi. Nje ni ganda la matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa lami, unene wa mita 2.5 hivi. Ganda hilo lina matundu ya kutolea unyevu, kwa sababu tofali bichi likilowa huvimba na kusukuma ukuta nje. Matofali mengi yamepigwa mhuri wa jina la mfalme.

Sasa Mohenjo-daro, mji wa Bonde la Indus, kuanzia karibu mwaka 2600 KK. Hapa ndipo wanafunzi wako wanapokosea. Matofali yake yana uwiano wa 1:2:4, mfano sentimita 7 kwa 14 kwa 28, na uwiano huo huo uko Harappa, mji mwingine wa bonde hilo, mamia ya kilomita kaskazini. Upana wa matofali mawili ni urefu wa moja, kwa hiyo fundi anayapishanisha na viungo havifuatani juu kwa juu. Mawe ya mizani yanaongezeka maradufu, 1, 2, 4, 8 hadi 64, kile cha 16 kikiwa gramu 13.7 hivi. Maji machafu ya nyumbani yaliingia kwenye mitaro ya barabarani iliyofunikwa, yenye mashimo ya kunasa taka ili zizolewe. Mtaro usiozolewa huziba, kwa hiyo palikuwa na mtu mwenye jukumu hilo na mwenye mamlaka ya kumsimamia. Maandishi yao hayajasomeka, na cheo cha mtawala hatukijui, lakini kwa maoni yetu vipimo vinavyofanana katika miji iliyo mbali hivyo ni ushahidi mzito wa utawala kuliko kuta ndefu.

Wape wanafunzi kalibu ya mbao yenye uwiano huo wafinyange matofali 20 na kujenga ukuta mdogo, kisha warudie kwa vipimo vya kubahatisha.

SWALI: Je, piramidi zilijengwa na watumwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ushahidi kutoka piramidi za Giza unapinga. Wafanyakazi walizikwa karibu na piramidi yenyewe, heshima ambayo watumwa wasingepewa. Makazi yao yalikuwa na viwanda vya mikate, na baadhi ya mifupa ina mivunjiko iliyounga vizuri, maana yake walitibiwa. Wengi waliitwa kazini kwa zamu, kama sehemu ya wajibu wao kwa mfalme.