Nyuzi zile zile, joto tofauti: kupanga kazi siku za joto kali

Swali: Nasimamia ujenzi. Siku mbili mfululizo kipimajoto cha kivulini kilisoma nyuzi 34 za Selsiasi. Siku ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Ya pili, baada ya mvua ya usiku, kasi ilishuka na vibarua wawili wakaanguka. Tofauti imetoka wapi, na nipangeje saa?

Jibu: Poleni sana, wewe na hao waliougua. Kipimajoto chako hakina kosa, ila kinapima hewa tu. Mwili unapozwa na jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Mvua ilijaza hewa unyevunyevu, jasho likawa linatiririka bure.

Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo cha WBGT, kinachochanganya joto la hewa, unyevu na ukali wa jua kuwa namba moja. Juani, hesabu yake ni hii: kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi cha pamba mara 0.7, kile kilicho ndani ya tufe jeusi lililoanikwa juani mara 0.2, cha kivulini mara 0.1, kisha jumlisha. Tuseme siku kavu kitambaa kimesoma 21 na tufe 48: 14.7 + 9.6 + 3.4 = 27.7. Siku ya unyevu, kitambaa 29 na tufe 46: 20.3 + 9.2 + 3.4 = 32.9. Kwenye 27.7, aliyezoea joto na kuvaa nguo nyepesi anaweza kazi ya wastani karibu mfululizo. Anayechimba kwa sururu apumzike karibu nusu ya kila saa. Kwenye 32.9 kazi nzito isimame, uihamishie alfajiri. Angalia kitambaa kila mara: kikikauka au kushika chumvi, namba zote zinapotoka. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa, hayana chumvi.

Kibarua mgeni aanze na asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, uongeze 20 kila siku. Kila mtu anywe kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20, ila asizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno huishusha chumvi ya damu. Anayeanza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo ana kiharusi cha joto: mmwagie maji baridi papo hapo huku gari la wagonjwa likiitwa. Usingoje afike hospitali ndipo apozwe.

Sasa suala la malipo, ambalo wasimamizi wengi hulipuuza. Anayelipwa kwa kipande hatapumzika hata ukimpigia filimbi, kwa sababu kila mapumziko yanamkata ujira. Lipia dakika za kivulini, la sivyo ratiba yako itabaki karatasini.

Na hasara haiko kwa watu tu. Juani zege hukauka juu upesi. Maji yakipotea zaidi ya kilo moja kwa kila mita ya mraba kwa saa, nyufa hutokea kabla halijashika. Fundi akiona zege gumu huongeza maji kwenye mchanganyiko, na hapo nguvu yake inapungua moja kwa moja. Mwaga usiku au alfajiri, funika kwa magunia mabichi. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kufikia 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani: asilimia 60 ya hasara hiyo kwenye kilimo, 19 kwenye ujenzi.