Vipele vya miguuni baada ya kunyoa

Pole sana mdogo wangu. Umesema kila ukinyoa miguu, kesho yake inawasha na kutoka vipele, mpaka unaona aibu kuvaa gauni fupi. Nimeteseka hivyo miaka mingi, nakuelewa kabisa.

Usinyoe ngozi ikiwa kavu, na sabuni ya mche iache, inakausha. Nyoa mwishoni mwa kuoga, miguu ikiwa imelowa maji ya uvuguvugu kama dakika 5, kwa sababu unywele uliolowa hulainika na kukatika bila kuvutwa. Paka povu la kunyolea lisilo na manukato. Likikosekana, hata kondishena ya nywele inafaa.

Halafu teremsha wembe kuelekea kifundoni, jinsi nywele zinavyolala. Najua ukiupandisha mguu unakuwa laini zaidi, lakini shida yako iko hapo hapo: unywele unakatwa mfupi mno, na nywele zetu hizi za kujikunja zikianza kuota ncha inageuka na kuchoma ngozi. Usikandamize wala kurudia palepale mara tatu. Suuza wembe kila ukipitisha. Ukianza kukwama, tupa. Na usiazimane na mtu, hata dada yako.

Ukimaliza mwagia maji ya baridi, kausha taratibu kwa taulo safi, paka losheni isiyo na harufu. Spiriti na limau achana navyo. Vipele vikitunga usaha, acha kunyoa, nenda hospitali wakuangalie.