Ekari moja ya mahindi, mbolea mifuko mingapi? Hesabu mashina kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: ekari moja ya mahindi chotara inataka mifuko mingapi, kama unaweza kuchanganya DAP (mbolea ya kupandia, yenye fosforasi na nitrojeni kidogo) na urea (mbolea ya kukuzia, ya nitrojeni) ukamaliza kazi siku ya kupanda, na kwa nini mahindi yako ya msimu uliopita yaligeuka njano wakati mbolea uliweka. Naanzia pengine kabisa. Kila ninapoitwa kwenye shamba la mtu anayelalamikia mbolea, kwanza nahesabu mashina, na mara nyingi jibu huwa liko hapo.

Chukua kamba ya mita 5.4. Kama mistari yako imeachana sentimita 75, ilaze kando ya mstari mmoja, hesabu mimea iliyomo kwenye urefu huo, zidisha kwa 1,000. Hiyo ndiyo idadi ya mimea kwa ekari. Rudia sehemu kadhaa, pamoja na ile kona mbaya usiyopenda wageni waione. Ukipata 18 uko vizuri. Ukipata 12, theluthi nzima ya shamba haipo, na mfuko wa ziada wa urea hautaiotesha.

Mapengo huanzia kwenye mbegu. Hata ile ya pakiti ijaribu: chukua 50, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, baada ya wiki hesabu zilizoota. Zikiwa pungufu ya 45, jipange kupanda nyingi zaidi au ibadilishe. Na mbegu ya chotara uliyovuna mwenyewe usiirudishe shambani. Kizazi cha pili kinatoka mchanganyiko, mrefu huku, mfupi kule, na mavuno yanashuka hata ukikilisha vizuri.

Halafu kina cha shimo. Sentimita 5 zinatosha kwenye udongo wa kawaida, zaidi kidogo kwenye kichanga. Vibarua wakipewa kazi kwa kipande huharakisha, shimo moja linakuwa la vidole viwili, jingine limezama kiganja kizima. Matokeo yake mche mmoja unachomoza leo, jirani yake siku nyingi baadaye. Huyo aliyechelewa hatamfikia mwenzake kamwe: atafunikwa na kivuli, atakula mbolea na maji, mwisho atakupa gunzi la kuchezea watoto au asitoe kabisa. Kwangu mche uliochelewa sana ni gugu, naung'oa wakati wa kupunguzia. Kurudishia mbegu kwenye mapengo nafanya tu siku zile za mwanzo miche inapochomoza. Ikishapita hapo naacha.

Usipande kwa mvua ya kwanza iliyolowesha juu tu. Chimba kidogo uone unyevu umeshuka. Ukiona umeshuka, usisubiri tena, kwa sababu udongo ukianza kupata joto na maji, nitrojeni iliyokuwa imelala humo inaachiliwa, na anayewahi kupanda ndiye anayeivuna. Aliyechelewa hukuta imeshazama chini.

Sasa nafasi, maana hapa ndipo hesabu ya mifuko inapoharibikia. Sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ni mashimo kama 9,000 kwa ekari. Sentimita 75 kwa 30, mbegu moja moja, ni mashimo 18,000. Mimea ni ileile. Lakini kizibo kimoja cha soda cha DAP kikisawazishwa ni gramu 5 na ushee: kwa mashimo 9,000 mfuko wa kilo 50 unaisha sawasawa na shamba, kwa 18,000 unaishia katikati. Watu wanabadilisha nafasi bila kubadilisha kipimo, kisha wanadai wameuziwa mfuko pungufu. Ukipanda moja moja, tumia nusu kizibo. Mimi napendelea moja moja kwa sababu mimea haigombani, ila kama vibarua ni wachache, mbili kwa shimo si dhambi.

DAP weka chini au pembeni ya mbegu, kisha udongo katikati, isigusane nayo. Ikigusana na udongo ukakauka kidogo, inaunguza kichipukizi na unarudi kwenye mapengo. Inawekwa siku ya kupanda kwa sababu fosforasi haitembei kwenye udongo. Pale ulipoiweka ndipo ilipo, ni mzizi unaoifuata. Kuimwaga juu ya udongo mahindi yakiwa yameshaota ni kuitupa.

Urea ni kinyume chake, na ndiyo maana jibu la swali lako la pili ni hapana. Kwanza, karibu na mbegu inatoa amonia inayoua kichipukizi. Pili, mche wa wiki za mwanzo unakula nitrojeni kidogo mno. Mvua ikipiga kabla haujapata hamu, nitrojeni imeshashuka chini ya mizizi. Njaa kubwa inaanza mahindi yakifika magotini, majani sita hadi nane, wakati mmea unaamua gunzi litakuwa na mistari mingapi ya punje. Hapo weka nusu ya urea, nusu nyingine kabla ya mbelewele kutoka. Palilia kwanza, ndipo uweke. Ukiweka kabla ya palizi unalisha magugu. Ichimbie kidogo kando ya shina na uifukie. Ukiiacha juu ya udongo na jua likawaka, sehemu yake inapanda hewani kama gesi. Isiingie pia kwenye koo la mmea, majani yataungua.

Mifuko, basi. Kwa ekari yenye mimea 18,000 na mvua ya kutegemewa, naanza na DAP mmoja na urea mmoja. DAP mmoja una kilo 23 za fosfati na kilo 9 za nitrojeni, urea una kilo 23 za nitrojeni. Ukipenda CAN, mbolea nyingine ya kukuzia yenye nitrojeni kidogo kuliko urea, ni mifuko miwili badala ya mmoja wa urea. Ukihesabu ukapata mimea 12,000, pima kwa shina, usimwage mfuko wote ati kwa kuwa umeshanunua. Samadi iliyooza vizuri ukiwa nayo, weka kwenye mashimo uichanganye na udongo. Inashika maji na inasaidia mbolea ya dukani ikae.

Hiyo njano ya msimu uliopita siwezi kuitaja bila kuiona. Majani ya chini yakianza njano kwenye ncha na kuingia ndani kufuata uti wa kati, kama herufi V, ni nitrojeni. Kingo za majani ya chini zikikauka kana kwamba zimebabuka, ni potasiamu, na DAP na urea hazina hata chembe ya potasiamu. Michirizi kwenye majani machanga ya juu inaelekeza kwenye salfa au zinki. Maji yakituama, mahindi huwa njano yote hata mbolea ikiwepo, maana mizizi haipumui. Samadi mbichi yenye majani makavu mengi nayo hunyang'anya nitrojeni wakati inaoza. Na kama umetumia DAP na urea miaka mingi mfululizo, pima uchachu wa udongo. Mbolea hizi zinauongeza, na pH ikiwa chini ya 5.5 chokaa ya kilimo iende shambani miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda.

Kwa hiyo lete picha ya majani ya chini na ya juu ya mmea mmoja, useme shamba lilikuwa na zao gani kabla ya mahindi, maji yanatuama upande gani, na ulipanda kwa nafasi ipi.